Nilivyowafukuza Wakwe wa Kaze

Jumatano, 20 Februari 1991

Baba mdogo Habiyaremye ameng'olewa meno manne ya mbele leo, yote ya juu. Daktari amesema ufizi upone kwanza. Meno ya bandia yatakuwa tayari mwezi wa nne. Kwa fundi cherehani kama yeye hilo lisingekuwa tatizo, maana anashona kwa mikono na miguu. Lakini posa ya dada yangu Kaze ni tarehe 10 Machi, na tangu baba afariki, baba mdogo ndiye msemaji wa nyumba yetu. Ni msemaji wa nusu ya mtaa huu wa Nyamirambo, kwa kweli.

"Msemaji bila meno ni kuku bila mdomo," alisema mwenyewe, mkono mbele ya uso. "Sefu atasema."

Mama akaacha kuchambua mchele. "Sefu? Hajaoa, hajajenga, hajawahi hata kuchinja jogoo."

"Ana miaka ishirini na mitano. Amesoma sekondari miaka sita."

"Kusoma amesoma. Mtu mzima bado."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo nakula. Walinijadili kama kabati la kununua. Mwisho Mama alikubali kwa sababu hakuna mwanaume mwingine.

Niandike kazi yenyewe, maana napenda kuliona jambo kwenye karatasi kabla ya kuliingia. Wakwe wanapokuja kumwomba binti, hapa kwetu nyumba ya binti haisemi ndiyo upesi. Msemaji wake anawakatalia. Anasema binti huyo hatumjui, au ana mwenyewe, au ninyi wageni mmepotea njia. Msemaji wa upande wa kiume anabembeleza na kujibu mzaha kwa mzaha. Watu wanacheka, na mwishoni binti anatolewa kwa vigelegele. Kila mtu anajua mwisho wake. Ndiyo raha yake.

Mposaji ni Swedi, fundi wa malori, mwenyeji wa Ujiji, upande wa Tanzania. Yuko Kigali mwaka wa nne sasa. Alilelewa na ami yake, Mzee Mrisho, na huyo ndiye atakayekuja na watu wake kuomba.

Mvua: hakuna. Mawingu jioni.


Jumamosi, 23 Februari

Nimekwenda kwa wazee watano kukusanya sababu za kukataa. Mmoja alinipa tatu, mwingine alinipa chai tu. Pamoja na zangu nimefikisha thelathini na moja, nimezipanga kwa namba, kuanzia nyepesi hadi nzito.

Kaze alichungulia daftari akasoma namba ishirini na sita. "Kaka, wewe unaniozesha au unanishtaki?"


Jumatatu, 25 Februari

Mvua ya kwanza ya itumba, masika yetu. Karatasi mbili za ghala ninakofanya kazi zimelowa.


Alhamisi, 28 Februari

Tumefanya mazoezi dukani kwa baba mdogo, kati ya cherehani mbili. Yeye alikuwa Mzee Mrisho, mimi nikawa mimi. Nilimbana kila upande. Namba nne ilimfanya akohoe, namba kumi na tisa ilimfanya afunike mdomo na kucheka mpaka machozi. Namba kumi na tisa ni hii: binti ameshaposwa na mfanyabiashara wa Cyangugu, na ng'ombe wamekwisha kupokelewa.

Alipopumua alisema, "Kufunga mlango unajua. Kufungua je?"

"Kufungua ni rahisi, baba mdogo. Nasema ndiyo."

Alirudi kwenye suruali aliyokuwa anapindisha. Wazee wana tabia ya kuuliza swali kisha kushona.


Jumanne, 5 Machi

Mvua. Swedi amekwenda Dar es Salaam na lori la tajiri wake. Tangu vita vianze na njia ya kaskazini ifungwe, mizigo yote inapita mpaka wa Rusumo. Amesema tarehe 8 atakuwa hapa.


Jumamosi, 9 Machi

Wageni wamefika kutoka Ujiji, wanaume wanne na wanawake wawili. Siku tatu njiani, na kwenye kila bariyeri ya askari walishushwa wakapekuliwa. Wamefikia nyumba ya wageni Biryogo. Nilikwenda kuwapa salamu ya Mama. Mzee Mrisho ni mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi kama hakusafiri. Alinijibu kwa sauti ya chini na maneno machache. Nikajiambia: kesho nitamshinda bila jasho.

Lakini Swedi hayupo. Dereva mmoja ameleta habari kwamba malori kumi na mawili yamekwama kwenye tope upande wa pili wa Rusumo. Kaze alitaka tusogeze siku. Mama akasema, "Bwana harusi huwa anasema nini siku hiyo? Anakaa kimya kama mgonjwa. Akiwepo asipokuwepo ni sawa."


Jumapili, 10 Machi

Nimeng'ara. Sioni neno lingine, na daftari hili ni la siri, basi naliandika.

Walikuja saa nane. Tulikuwa tumefunga turubai uani, majirani wamejaa mpaka kwenye ukuta. Mama Mukashema, anayeuza sambusa kwenye kona yetu, alikaa mbele kabisa na kapu lake. Kaze alikuwa chumbani nyuma ya pazia na shangazi zake. Wageni walileta sinia tatu zilizofunikwa vitambaa.

Mzee Mrisho alisimama. "Sisi ni watu wa Ujiji, maneno yetu si mengi. Tumekuja kwa heshima. Kijana wetu Swedi ameona ua katika nyumba hii, jina lake Kaze."

"Kaze?" nikasema. "Hatumjui. Hapa tuna mbuzi wawili na cherehani mbovu. Mmoja wenu akitaka cherehani, tuongee."

Uwanja ukalipuka. Mzee alitabasamu kidogo. Nikaenda namba saba, namba kumi na mbili. Yeye alijibu kwa upole, bila mzaha, kama mtu anayejibu afisa. Nikaona hana silaha. Nikaruka hadi kumi na tisa.

"Hata angekuwepo, mzee wangu, mmechelewa. Ameshaposwa na tajiri wa Cyangugu."

"Ameshaposwa?"

"Ameshaposwa."

"Na mahari mmepokea?"

"Ng'ombe wanane. Na wote wana mimba!"

Mama Mukashema alianguka kwenye kapu lake. Watu walikuwa wanafuta machozi. Mzee Mrisho peke yake hakucheka. Alinitazama usoni.

"Mwanangu, hilo ni kweli?"

Nilikuwa nimepanda juu sana, nilisikia vicheko vinaniinua kama mikono. Nikasema, "Wallahi, ni kweli."

Akawageukia wenzake. Kisha akasema, "Kuposa juu ya posa ya ndugu yako ni haramu. Tusameheni, hatukujua." Akavaa viatu. Wote sita wakavaa viatu, wakachukua sinia zao, wakampa Mama mkono mmoja mmoja, wakatoka. Watu waliwapigia makofi hadi barabarani. Mimi mwenyewe nilipiga. Wazee wa Ujiji wanajua kuigiza! Bila shaka kesho watarudi kwa duru ya pili na majibu makali.

Mara mvua ikashuka, kila mtu akakimbia. Baba mdogo alibaki ameketi chini ya turubai. Alisema, "Twende Biryogo sasa hivi."

"Kwenye mvua hii? Watarudi wenyewe. Tukiwafuata tumeharibu mchezo."

"Sefu. Uliapa."

"Mchezo, baba mdogo."

Alijaribu kwenda mwenyewe, akarudi amelowa hadi kifuani; bonde la njiani lilikuwa limejaa maji na saa ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia. Akasema basi alfajiri. Nikamwambia alfajiri nina zamu ya ghala, nitapita mchana.


Jumatatu, 11 Machi

Wameondoka.

Nilifika Biryogo saa sita na nusu. Msimamizi wa nyumba ya wageni alikuwa anatandua vitanda. Alisema waliswali alfajiri, wakapanda basi la kwanza la Butare ili washike njia ya Bujumbura. Mzee alimwomba radhi kwa kuondoka kabla ya siku walizolipia. Alimwambia, "Tulikuja kwa binti wa watu, kumbe ana mwenyewe."

Nilirudi kwa miguu. Nilijaribu kupanga nitakavyosema, kwa namba. Nilipofika nilisema tu, "Wameamini."

Mama alikaa chini. Kaze hakulia wala hakunitukana. Alitoa beseni, akatoa nguo zote za nyumba, zangu pia, na nguo safi, akaanza kufua mvuani. Nilisimama mlangoni nikimtazama anafua shati langu jeupe nililovaa jana. Alilisugua kola mpaka nikasikia kitambaa kinalia.


Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nyumbani hakuna anayenijibu salamu. Chakula nimekuta kimefunikwa.


Alhamisi, 14 Machi

Swedi amefika, tope hadi magotini, hata hajaoga, na mfuko wa machungwa ya Kaze mkononi. Nilimngoja barabarani ili asisikie kwa mwingine. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Mwanzoni alicheka. Nilipofika kwenye ng'ombe wenye mimba alicheka sana, akashika ukuta.

"Halafu?"

"Halafu nikaapa."

"Ukaapa vipi?"

"Wallahi."

Kicheko kikamtoka usoni. Akakaa juu ya tofali. "Sefu, yule mzee tangu anilee sijamsikia akisema neno hilo hata kwa jambo la kweli. Unadhani akilisikia kwako afikiri nini?"

"Huwezi kumweleza wewe?"

"Nilimwandikia mila zenu mwezi wa kwanza, zote. Sasa nikisema tena ataona natetea mke. Na mimi siwezi kuoa bila yeye. Baba yangu ni yeye." Akanipa machungwa. "Mpelekee. Sina uso wa kuingia."

Nilidhani atanipiga. Ingekuwa nafuu.


Jumapili, 17 Machi

Ramadhani, siku ya kwanza. Baada ya adhuhuri nilimwendea mwalimu wa msikiti. Alinisikiliza akiwa anakunja mikeka. Alisema, "Tubu. Kisha karekebishe ulichoharibu. La kwanza ni kati yako na Mungu, litakuchukua dakika. La pili litakuchukua mfungo mzima."

Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye la pili.


Jumanne, 19 Machi

Nimesema nitaandika barua Ujiji. Mama amekataa katakata. "Nyumba ya binti haiandiki. Ukiandika umemtembeza dada yako kama maandazi. Kesho watu watasema tulimbembelezea mume."

Ana hoja. Kosa langu limefunga mlango kwa nje, na mila inatuzuia kutoka kwa ndani. Nimefikiri siku nzima ghalani, nimehesabu magunia ya maharage mara mbili nikapata jibu tofauti.


Jumatano, 20 Machi

Nimeona njia. Nyumba haitaandika. Nitaandika mimi. Si msemaji, si kaka wa bibi harusi. Mjinga aliyeapa uongo, anaandika kwa jina lake na kwa aibu yake. Mama akasema, "Hiyo sijaikataza."


Ijumaa, 22 Machi

Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nane, na vichwa vya habari. Nilimpelekea baba mdogo dukani. Alichukua chaki yake ya kukatia nguo akaanza kuchora mistari juu ya maandishi yangu.

"Hapa unaeleza mila. Amekuuliza mila? Toa."

"Lakini bila hiyo hataelewa kwa nini..."

"Hapa unajitetea. Toa. Hapa unasema ulikuwa na wasiwasi, hujawahi kusimama mbele za watu. Ni kujitetea kwa sauti ndogo. Toa. Na hapa..." Alisoma mara mbili. "Hapa unajilaumu mpaka inapendeza. Unataka akuonee huruma. Toa kabisa."

"Hakibaki kitu, baba mdogo!"

"Kitakachobaki ndiyo nguo."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nikaandika upya. Kurasa tano. Akakata. Kurasa mbili. Akakata.


Jumapili, 24 Machi

Barua imeondoka na dereva wa Bujumbura, atakayempa nahodha wa boti ya Kigoma. Nimenakili hapa yote:

"Mzee wangu Mrisho, shikamoo. Tajiri wa Cyangugu hayupo. Ng'ombe hawapo. Niliapa uongo ili watu wacheke, nimetubu. Kosa ni langu, si la mama wala la Kaze, na hakuna aliyenituma kuandika. Mimi, Sefu."

Ni mara ya kwanza nimeandika kitu kisicho na namba.


Jumanne, 26 Machi. Mvua. Hakuna barua, haiwezekani hata kufika bado.

Alhamisi, 28 Machi. Mvua. Hakuna barua.

Ijumaa, 29 Machi. Mvua kubwa, ukuta wa choo umeanguka. Hakuna barua.


Jumapili, 31 Machi

Leo nimegundua jambo. Nilipita kwa kinyozi, nikamsikia akimwambia mteja, "Kosa ni la Habiyaremye. Alimfundisha kijana vibaya. Amesema mwenyewe." Nikaenda kwa muuza mkaa: hivyo hivyo. Mama Mukashema: hivyo hivyo. Baba mdogo amekuwa akizunguka mtaa mzima, kila siku, mkono mdomoni, anajibebesha kosa langu. Mimi nilidhani anatoka kutafuta nyuzi.

Nilimkuta dukani. "Kwa nini unasema hivyo? Si kweli."

"Mimi ni mzee, nina mgongo. Wewe bado unatafuta mke."

Nimemtazama leo kwa mara ya kwanza, nadhani. Siku zote nilimwona mtu wa maneno, anayependa kupigiwa makofi kwenye posa za watu. Sikujua kwamba anapofika nyumbani maneno yake anayatumia hivi.

Nikatoka. Nilianza kwa kinyozi. Nikasema mbele ya wateja wote: "Baba mdogo alinionya mara mbili. Alitaka tuwafuate jioni ile ile, mimi nikakataa. Niliapa mwenyewe, kwa mdomo wangu." Kisha kwa muuza mkaa. Kisha kwa Mama Mukashema, ambaye alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Na sasa hivi unasema kweli?"

"Kweli, mama."

"Wallahi?"

Foleni nzima ya sambusa ilicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu tarehe kumi.


Jumanne, 2 Aprili

Nimepata jina jipya. Watoto wa shule wananiita Wallahi. Konda wa basi pia. Nimeitika mara sita leo.


Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Hakuna barua. Wakati wa kufuturu Kaze aliniambia, "Nisogezee chumvi, Wallahi." Nilimsogezea. Maneno matatu baada ya siku ishirini na tano. Chumvi ilikuwa karibu yake kuliko yangu.


Jumamosi, 6 Aprili. Mvua. Hakuna barua.


Jumatatu, 8 Aprili

Meno ya baba mdogo yamefika. Ni meupe mno, yanafika chumbani kabla yake. Bado akisema haraka yanapiga mluzi. Mama alicheka mpaka akalazimika kutoka kwenda uani.

Nimemwambia, "Sasa umepona. Jambo likifufuka, utasema wewe." Nilisema kwa moyo. Sitaki tena ile kazi.

Akasema, "Lifufuke kwanza."


Ijumaa, 12 Aprili

Barua! Imeletwa na Swedi mwenyewe, amekimbia nayo kutoka karakana yake ya Gikondo na mafuta ya mashine mikononi. Bahasha ina alama za vidole vyake vyote. Ilikuwa na jina langu, kwa hiyo hakuifungua. Alisimama mbele yangu kama mtu anayengoja hukumu. Mama alitoka, Kaze akatoka, baba mdogo akaja na tepu shingoni. Nikasoma kwa sauti:

"Kwa kijana Sefu. Marahaba. Barua yako imenifikia siku ya kumi na tisa ya mfungo. Ni fupi, nimeipenda. Nami nina langu. Swedi aliniandikia mila yenu. Niliisoma, nikaicheka, nikaiweka. Njiani tulipekuliwa mara kumi na moja. Nilifika kwenu nimechoka, natafuta sababu ya kukasirika na kurudi nyumbani, nawe ukanipa. Mtu wa umri wangu angeuliza mara ya pili, kwa mama wa binti. Sikuuliza. Kosa tugawane.

Tutakuja Jumapili ya tarehe 28 Aprili, Mungu akipenda. Sharti ni moja: asiseme mtu mwingine. Useme wewe. Kijana aliyenipiga mbele za watu, nataka nimpige mbele za watu wale wale. Ami yako, Mrisho."

Kaze alinyakua barua akaisoma mwenyewe. Kisha akanipiga nayo kichwani, mara tatu, kila pigo na neno lake: "Wewe! Kaka! Wewe!" Halafu akanikumbatia, Swedi akabaki anatutazama na mikono yake ya mafuta angani kwa sababu hakujua aiweke wapi. Mama akamwambia anawe mikono afuturu hapa hapa.


Jumanne, 16 Aprili

Idi. Pilau. Jua kutwa nzima. Nimeitwa Wallahi na imamu.


Jumamosi, 20 Aprili

Baba mdogo aliuliza kama nimeandaa sababu. Nikamwambia ninazo mbili. Akauliza, na jibu la mwisho? Nikasema hilo ndilo nililoanza nalo. Akapiga mluzi, sijui ni meno au ni furaha.


Jumapili, 28 Aprili

Turubai lile lile, ua ule ule, lakini watu mara mbili. Walikuja hata wa Kimisagara waliosikia habari. Kijana mmoja alipanda juu ya paa la choo kipya. Safari hii Swedi alikuwepo, katika suti aliyoshonewa na baba mdogo, kimya kama mgonjwa.

Kabla ya yote nilikwenda kwa Mzee Mrisho, nikainama, nikampa shikamoo mbele ya watu wote. Akaitika, akanishika bega. Nikarudi upande wangu, nikasimama.

"Wageni, karibuni. Mmepotea?"

Uwanja ukacheka kabla hata hajajibu.

Akasimama. "Hatujapotea. Tumetafuta ua letu, tumeambiwa liko hapa."

"Mzee wangu, hapa tuna mbuzi wawili na cherehani mbovu."

"Hao tunawajua." Akakohoa. Hapo nikaona mkono wake wa kushoto ukiingia mfukoni mwa kanzu, na pembe ya karatasi ikichungulia. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, mistari imejaa, yenye namba. Akaisoma kwa jicho moja, akairudisha, akainua kichwa. "Safari hii tulipita Cyangugu. Tumemwona tajiri wenu. Analia! Ng'ombe wake wanane wamezaa, na amesema Sefu asipomrudishia ndama wake, atakuja kuoa mama wa msemaji!"

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Mama alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanaruka. Kijana wa juu ya paa aliteleza.

Nilikuwa na jibu. Lilinijia zima, bila kuandaliwa, jibu zuri kuliko sababu zote thelathini na moja, na nilijua kwamba nikilisema mzee hatainuka tena. Lilikuwa kwenye ulimi. Watu walikuwa wananitazama, wanalisubiri. Baba mdogo pia aliniangalia, nadhani alikuwa na lile lile.

Nikafikiria ile karatasi. Mzee wa watu, mfungo mzima Ujiji, anakaa na kalamu, anauliza majirani, anapanga kwa namba.

Nikainua mikono. "Mzee wangu, nimeshindwa. Binti ni wenu."

Vigelegele vilianza, lakini Mzee Mrisho alipunga mkono kuvizima. Uso ulikuwa umemshuka kabisa.

"Mapema hivyo? Nilikuwa na mengine mawili!"

Nikasema, "Basi ami, yaseme. Nishindwe na yote."

Nyuma ya pazia Kaze akapaza sauti: "Kaka, shindwa upesi, nguo inanibana!"

Mzee akatoa karatasi waziwazi, hakuificha tena. Akavaa miwani. La pili lilikuwa hili: kwamba huko Ujiji wamejadili kwa nini kijana wa miaka ishirini na mitano, asiye na mke, anafukuza wanaume wanaotaka kuoa, wameona ni upweke, basi wamemletea mchumba, ana miaka sabini na miwili, mjane wa waume watatu, anaomba tu aambiwe kama Sefu ana afya. Nikasema nimeshindwa. Akasema la tatu. Nikasema nimeshindwa, lakini sidhani mtu alinisikia. Baba mdogo alikuwa anacheka mdomo wazi, bila mkono, meno yote nje.

Ndipo pazia likafunguliwa. Kaze akatoka katika vazi letu la harusi, mshanana wa rangi ya dhahabu, na mwalimu akasoma fatiha, na Swedi akapata ruhusa ya kupumua. Ndoa yenyewe imefungwa kabla ya alasiri. Mzee Mrisho alinikalisha karibu naye kwenye sinia la pilau, akanisogezea nyama iliyokuwa upande wake.


Jumatatu, 29 Aprili

Mvua asubuhi, kisha jua. Kaze amehamia kwa mumewe, barabara mbili kutoka hapa. Amesahau viatu, nitampelekea jioni.

La tatu sikuliandika jana, na leo nimeona sina haja. Nilipokwenda kununua mkaa, muuzaji alinishika mkono akanisimulia alivyosema Mzee Mrisho, neno kwa neno, pamoja na sura yangu nilipokuwa nashindwa, mdomo wazi na mikono juu. Alisahau kabisa kwamba nilikuwepo. Nikamwacha amalize, maana alilisimulia vizuri, na nyuma yangu kulikuwa na wateja wawili ambao walikuwa hawajalisikia.